Umekuta kigae, sarafu ya kale au mfupa uliogeuka jiwe? Hatua za kufuata Tanzania na Kenya

Masika yakiisha, ardhi huwa imefumuka. Kingo za makorongo zimebomoka, njia za ng'ombe zimechimbika, na ufukweni mawimbi yamekula mchanga. Huo ndio wakati watu huokota vitu: kigae chenye nakshi, ushanga wa kioo, sarafu nyeusi yenye maandishi ya Kiarabu, jiwe lililochongwa pande mbili hadi likachongoka, mfupa mzito kupita kiasi. Wengi hutia mfukoni. Wachache humpelekea mwalimu. Siku hizi wapo wanaopiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp wakiuliza, "Wakuu, hii inaweza kuuzwa bei gani?"

Swali hilo la bei ndilo linalowaingiza watu matatani. Mwongozo huu ni wa mkulima, mfugaji, mvuvi, fundi ujenzi, mchimbaji mdogo, mwalimu na mtalii wa ndani: watu ambao hukutana na vitu hivi bila kuvitafuta. Nimeuandika kwa kufuata sheria za Tanzania Bara na Kenya. Zanzibar ina sheria na mamlaka yake ya mambo ya kale, na ukiwa Unguja au Pemba huko ndiko unakopaswa kuuliza, ingawa hatua za kwanza, za kutogusa na kuandika kumbukumbu, ni zilezile.

1. Achana kwanza na hoja ya "shamba ni langu"

Nimesikia hoja hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote: sheria za mambo ya kale ni za mbugani na kwenye magofu yenye kibao cha Serikali, mimi nimekuta kitu kwenye ardhi yangu, basi ni changu.

Kwa Tanzania hoja hiyo haina miguu. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inasema ardhi yote ni ardhi ya umma, iliyo chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Imegawanywa kuwa ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi, lakini yote ni ya umma. Hati uliyo nayo, iwe ya mjini au ya kimila, ni haki ya kuitumia ardhi. Unalima, unajenga, unarithisha. Haikupi umiliki wa fuvu la miaka milioni moja lililolala mita mbili chini ya mihogo yako.

Kenya ni tofauti kidogo. Katiba ya 2010 inatambua ardhi ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Lakini Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inakata mzizi wa ubishi: vitu vya kale vilivyomo ardhini, vilivyogunduliwa baada ya sheria hiyo kuanza kutumika, ni mali ya Serikali. Haiulizi hati ya shamba imeandikwa jina la nani.

2. Jua mstari wa mwaka uko wapi

Sheria hizi hazizungumzii "vitu vya zamani" kwa ujumla. Zina mwaka maalumu, na ukiujua utaepuka hofu isiyo na sababu kwa upande mmoja na balaa kwa upande mwingine.

Tanzania Bara inatumia Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo sasa ni Sura ya 333, iliyofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1979. Mstari wake ni 1863. Kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa, kuchongwa, kuchorwa au kubadilishwa na binadamu kabla ya mwaka huo kinalindwa. Majengo, makaburi, visima, mitaro na michoro ya miambani ya kabla ya mwaka huo inalindwa pia, hata kama hakuna kibao wala uzio. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe, havina mstari wa mwaka: vya binadamu, vya wanyama wenye uti wa mgongo na vya mimea, pamoja na alama vilizoacha kwenye mwamba, vyote vimo. Halafu kuna kundi ambalo watu hulisahau, nalo ni milango na fremu za milango zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940.

Kwa Kenya mstari wa vitu vya kale ni 1895, mwaka Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki. Mabaki ya binadamu, wanyama na mimea ya umri huo au zaidi yamo humohumo. Milango na fremu zilizochongwa, mstari wake ni 1946.

Huhitaji kuwa mtaalamu ili kukisia kama kitu chako kinaangukia humo. Jiwe lililochongwa na mtu huonyesha makovu mengi ya vipande vilivyobanduliwa, tena kwa mpangilio, kingo zote zikielekea kwenye makali. Jiwe lililovunjika lenyewe korongoni huwa na makovu mawili matatu yasiyo na mpango. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito kuliko unavyotarajia, na ukigongana na kokoto hulia kama jiwe. (Nimesema ukigongana. Usiugonge kwa makusudi.) Sarafu za masultani wa Kilwa ni ndogo, nyingi za shaba, zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na hazina picha ya mtu. Kigae cha chungu cha kienyeji huwa na mistari iliyokwaruzwa au kutobolewa kabla ya kuchomwa, na ukiona pembeni yake vigae vyenye rangi ya kung'aa, buluu au kijani, ujue umesimama mahali palipopokea vyombo vya ng'ambo.

Ukishindwa kuamua, chukulia kwamba kimo.

3. Kiache kilipo

Hapa ndipo penye kiini cha sheria zote mbili. Thamani ya kitu cha kale, kwa sehemu kubwa, iko mahali kilipolala.

Chukua mfano wa Oldupai. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliona kipande cha fuvu kikichungulia kwenye mteremko wa bonde. Leo tunajua kwamba fuvu hilo, lililoitwa Zinjanthropus, lina umri wa takribani miaka milioni 1.75. Tumejuaje? Si kwa fuvu lenyewe. Ni kwa majivu ya volkano yaliyo kwenye matabaka ya hapo lilipolala; majivu hupimika umri, na kilicho kati ya tabaka moja na jingine kinapata umri wake kutokana nayo. Kama mchungaji angelibeba akaliweka dirishani, leo lingekuwa fuvu tu, halina mwaka wala majirani.

Au sikiliza kisa cha sarafu za Kilwa zilizookotwa Australia. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari mmoja aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani: nne za Uholanzi na tano za Kilwa. Akazitia kwenye kopo. Zilikaa humo miaka mingi, hadi 1979 alipozipeleka kutambuliwa. Kilichoziokoa ni ramani ambayo alikuwa ametia alama mahali alipoziokota. Bila ile alama, nani angeamini kwamba shaba ya Kilwa ilifika huko? Lakini kwa kuwa zilishang'olewa mchangani, swali la zilifikaje halijapata jibu hadi leo.

Kwa hiyo, unapokuta kitu:

Usikichomoe. Hata kama robo tatu iko nje na kinaonekana kinakuja kwa kidole kimoja.

Usikioshe. Udongo ulioshika kwenye chungu unaweza kuwa na mabaki ya chakula, mkaa na chavua. Hasa usiing'arishe sarafu kwa ndimu na mchanga, desturi inayopendwa sana pwani. Asidi ya ndimu inakula shaba, na yale maandishi membamba ndiyo huondoka kwanza.

Usigundishe kwa gundi ya dukani kilichovunjika.

Michoro ya miambani ina miiko yake. Huko Kondoa, eneo lililoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, baadhi ya wageni na hata wenyeji wao walikuwa wakimwagia maji michoro ili rangi ikolee kwenye picha. Maji yanaondoka na rangi na kuacha chumvi. Chaki ya kufuatishia mistari nayo ni uharibifu, na kuandika jina lako pembeni ni kosa la jinai.

Kama kitu kiko hatarini kweli, mathalani bahari inajaa jioni hii au ng'ombe wanapita hapo kwenda kunywa maji, kifunike kwa mchanga au udongo wa papo hapo, weka mawe pembeni kama alama, geuza njia ya mifugo. Kukiondoa ni hatua ya mwisho kabisa, na hapo usikiondoe kabla ya kumaliza hatua inayofuata.

4. Andika kumbukumbu papo hapo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Simu ya kawaida yenye kamera inatosha.

Piga picha tatu. Ya kwanza simama mbali, mlima, mti au nyumba ionekane ili mtu mwingine apatambue mahali. Ya pili, hatua tatu nne, ikionyesha ukingo wote au shimo lote. Ya tatu karibu kabisa, ukiwa umelaza biro au sarafu ya shilingi pembeni ya kitu, bila kukigusa, ili ukubwa wake ujulikane. Kisha fungua programu ya ramani, bonyeza na ushikilie hapo ulipo hadi itoe namba mbili, uzinakili kwenye karatasi. Kusini mwa ikweta namba ya kwanza huanza na alama ya kutoa. Usiiache, la sivyo korongo la Iringa litasomeka kama liko Ethiopia.

Ongeza tarehe, jina la kitongoji na korongo kama wenyeji wanavyoliita, nani mlikuwa naye, na kitu kilikuwa kina cha kiasi gani kutoka juu. Kama udongo una rangi mbili tatu zilizopangana, andika kilikuwa kwenye rangi ipi.

Halafu jizuie kurusha picha hizo mtandaoni. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake namba za mahali ilipopigwa, na madalali wa vitu vya kale wamo kwenye makundi yaleyale uliyomo wewe. Watakuja na sururu kabla ya mtaalamu kuja na brashi.

5. Toa taarifa, kwa maandishi

Kenya sheria imeweka muda: siku 7. Aliyegundua jengo au magofu ya kale au kitu cha kiakiolojia au kisukuku anatakiwa kuwaarifu Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndani ya muda huo, akitaja mahali hasa na mazingira ya ugunduzi. Na kama ni kitu kinachobebeka, kikabidhiwe Makumbusho au kwa utawala wa Serikali wa eneo hilo ili kitunzwe kwa niaba yao. Si lazima uende Nairobi. Fort Jesus, Lamu, Gedi, Kisumu na Kitale kote kuna ofisi za Makumbusho. Kama uko mbali nazo, anza kwa chifu.

Tanzania Bara sheria inataka taarifa itolewe mara moja. Njia rahisi ni Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, kisha Afisa Utamaduni wa Wilaya, ambaye anapaswa kuifikisha Idara ya Mambo ya Kale chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Makumbusho ya Taifa nayo hupokea taarifa. Na kama uko jirani na kituo cha mambo ya kale, iwe Kilwa, Kaole, Isimila, Kolo au kwenye Kimondo cha Mbozi, nenda moja kwa moja. Utakutana na mtu anayejua unachozungumzia.

Peleka barua nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Nasisitiza hili kwa sababu naijua hali ilivyo: kuna ofisi niliyowahi kuongozana na vijana kupeleka barua ya namna hii, mpokeaji akaisoma, akaikunja, akauliza, "Hiyo mali yenyewe mbona hamjaja nayo?" Ukikutana na jibu kama hilo, usirudi kuchimba ili umridhishe mtu. Barua yenye muhuri ndiyo inayoonyesha umetimiza wajibu wako. Panda ngazi ya juu, kwa Mkuu wa Wilaya au kituo cha makumbusho, ukiwa na nakala hiyo.

Ikitokea kitu kinachukuliwa mkononi mwako, dai hati ya makabidhiano: maelezo ya kitu, vipimo, picha, jina na cheo cha anayepokea, sahihi, muhuri. Kitu bila hati hugeuka pambo la ofisi, bosi akihamishwa nacho kinahama.

Mifupa ya binadamu inayoonekana mipya, yenye nguo au meno ya bandia, si ya mtu wa mambo ya kale. Hiyo ni ya polisi kwanza.

Je, kuna zawadi? Usifanye hesabu ya zawadi nono. Unachoweza kudai ni jina. Watafiti kama Mjerumani Hans Reck na akina Leakey wanajulikana kila mahali, lakini fundi aliyeona kwanza mara nyingi alikuwa mtu wa hapa. Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani, ndiye aliyeona mwaka 1984 kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, kilichozaa mifupa ya yule kijana wa Turkana wa miaka takribani milioni 1.5. Nyayo za Engare Sero, kusini mwa Ziwa Natron, zaidi ya 400 za watu waliotembea kwenye majivu ya volkano, zilijulikana kwa wanasayansi kwa sababu mkazi wa kijiji cha hapo aliziona akasema. Kwa hiyo kwenye barua yako andika wazi: aliyegundua ni fulani, wa kijiji fulani.

Mali ya Mjerumani

Hili linahitaji nafasi yake, kwa sababu kwa Tanzania ndilo linaloharibu ardhi kuliko watalii wote.

Kila wilaya ina kisa chake. Mjerumani alipokuwa anakimbia vita alizika sanduku chini ya mbuyu, nyuma ya boma, kwenye kaburi lisilo na mtu. Dalali anakuja na ramani iliyochorwa kwenye karatasi iliyopakwa chai, mwingine na "mashine" inayolia, mganga naye anataka mbuzi mweusi. Vijana wanachanga hela, wanachimba usiku.

Kisa hiki kina chembe ya ukweli, ndiyo maana hakifi. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa, walitengeneza huko Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo na mlima nyuma yake. Zilitengenezwa 16,198, kwa dhahabu ya Sekenke. Hizo zipo, na wakusanyaji duniani huzitafuta. Lakini sarafu ambazo idadi yake inajulikana na zinazouzwa kwenye minada hazina uhusiano na shimo unalochimbishwa kwenye msingi wa boma.

Sasa sheria inasemaje? Sarafu ya 1916 iliyo kwenye sanduku la bibi yako si kitu cha kabla ya 1863. Mstari huo haumgusi bibi. Shimo ndilo linaloshika. Kufukua ili kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa. Boma lililotangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa halichimbwi wala kubomolewa hata jiwe moja, liwe la Mjerumani au la nani. Na kufukua kaburi ni kosa jingine kabisa chini ya Kanuni ya Adhabu, halihitaji hata mambo ya kale kuingizwa. Ukichanga hela kwenye mradi wa aina hii, hutapata dhahabu, na mtu wa ramani hatakuwepo siku polisi wakifika.

Kwa Kenya sheria ni kali zaidi kwenye kipengele kimoja: leseni inatakiwa hata kwa kutafuta juujuu ya ardhi bila jembe. Kutembea na kifaa cha kutambua madini ufukweni karibu na Gedi "kwa kujifurahisha" ni kutafuta.

Ndani ya hifadhi

Hapa ni kifupi: usiondoke na kitu. Si jiwe, si gamba la kobe, si pembe. Mfupa uliogeuka jiwe utakuangusha kwenye sheria ya mambo ya kale. Mfupa wa nyati aliyekufa mwaka jana utakuangusha kwenye sheria ya wanyamapori, ambako Tanzania inauita nyara ya Serikali, na huko adhabu huwa nzito zaidi. Ngorongoro ina Oldupai na Laetoli ndani yake. Nyayo za Laetoli, zilizofukuliwa 1978 na kuwa na umri wa miaka milioni 3.66, zilifukiwa tena kwa makusudi ili zisiliwe na hewa na mizizi, kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba atakupeleka kuzikanyaga, achana naye. Olorgesailie, huko Kenya, utapita juu ya njia ya mbao na chini yako kuna mashoka ya mawe kwa mamia. Yanaonekana mengi kiasi kwamba moja halitajulikana likipotea. Kila mgeni angesema hivyo.

Wachimbaji na mafundi

Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya madini. Haigusi visukuku, wala gogo lililogeuka jiwe ambalo wauza mawe ya mapambo hulipenda. Gogo hilo ni kisukuku cha mmea, na sheria ya Tanzania imelitaja.

Kwenye ujenzi, tingatinga likifukua mifupa, msingi wa kale au rundo la vigae, simamisha eneo hilo tu, si mradi mzima. Zungushia kamba, hamishia kazi upande mwingine, msimamizi aandike na kuarifu kama ilivyo kwenye hatua ya 5. Miradi mikubwa iliyofanyiwa tathmini ya mazingira mara nyingi ina utaratibu wake ulioandikwa wa vitu vinavyokutwa kwa bahati. Uulize siku ya kwanza kazini, kabla ya kuuhitaji. Mafundi huogopa kwamba wakisema kazi itafungwa miezi sita. Mara nyingi mtaalamu huhitaji muda mfupi wa kupiga picha, kupima na kuokoa kilichopo. Kinachofunga kazi kwa muda mrefu ni kuficha halafu kugundulika.

Kununua, kuuza, kusafirisha

Kinyago kipya cha Mmakonde, kikapu, shanga za Kimasai zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni: nunua, omba risiti, safiri nazo kwa amani. Tatizo ni kitu ambacho muuzaji anakusifia kwa umri wake. Akisema ni cha miaka mia mbili, ama anakudanganya ama anakushirikisha kosa.

Kutoa kitu cha kale Tanzania kunahitaji leseni. Kenya inataka kibali hata cha kukihamisha kutoka sehemu moja ya nchi hadi nyingine. Tanzania iliridhia mwaka 1977 Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni, maana yake kitu kilichopita uwanja wa ndege bila karatasi kinaweza kudaiwa kikiwa tayari sebuleni kwa mtu ng'ambo. Ndugu zetu wa Ughaibuni wanaoagiza "mlango wa kale wa Lamu" kwa kontena wajue mlango huo una mwaka wake kisheria, na fremu nayo imo.

Vigango vya Wamijikenda ni funzo la jirani. Nguzo hizi za ukumbusho wa wazee waliokufa ziling'olewa vijijini miaka ya 1980 na 1990, zikauzwa kwa madalali, zikaishia kwenye makumbusho na majumba ya Marekani. Mbili zilirudishwa Kenya mwaka 2007, na makumbusho ya Denver ikaachia 30 mwaka 2014. Nyingine nyingi bado ziko huko. Na Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba vichwani tani zaidi ya 200 za mifupa ya dinosau hadi bandarini, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani. Mmoja wa dinosau hao amesimama Berlin leo, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13. Wakati ule hakukuwa na sheria ya kumzuia Mjerumani kuondoka nao.

Ukitaka kutafuta kwa makusudi

Ipo njia halali. Mwanafunzi au mtafiti anaomba kibali cha utafiti kutoka tume ya taifa ya sayansi, yaani COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, kisha leseni ya uchunguzi au uchimbaji kutoka mamlaka ya mambo ya kale. Vyote viwili, si kimojawapo. Asiye mtafiti anaweza kujiunga kama kibarua au mwanafunzi wa kujitolea kwenye uchimbaji wenye leseni. Kamoya mwenyewe alianza kama kibarua.

Na kama kitu tayari kiko nyumbani?

Shule nyingi zina kabati la mawe, na nyumba nyingi zina kigae kwenye rafu ya televisheni. Usikitupe kwa woga. Wala usikirudishe korongoni kimyakimya, hasa usikipeleke korongo jingine, kwani utakuwa umempandia mtafiti ushahidi wa uongo. Kaa chini leo uandike unachokumbuka: kiliokotwa wapi, mwaka gani, na nani. Mwalimu awaite wanafunzi wa zamani kama wapo, wengi hukumbuka mahali kuliko tarehe. Funga kila kitu kwenye karatasi yake na maelezo yake, kisha andika barua ileile ya nakala mbili, ukieleza kwamba vitu viko shuleni au nyumbani na unaomba mtaalamu aje kuvitazama au uelekezwe pa kuvikabidhi.